BMP, PNG, TIFF au GIF: kuchagua faili la picha za rangi za faharasa kwa programu ya kufuma vitambaa

Anayeandika programu ya kufumia vitambaa kwa ajili ya karakana ya Kampala, Jinja au Mbale hulazimika mapema kuamua michoro ya wabunifu itaingia na kutoka katika faili la aina gani. Mara nyingi huchagua tu aina ambayo programu ya kuchorea iliyopo huihifadhi kwa urahisi, na athari za uchaguzi huo huonekana baadaye sana, nyuzi zikiwa zimekwisha kutumika. Makala haya yanalinganisha aina nne za faili zinazoweza kubeba picha za rangi za faharasa, yaani BMP, PNG, TIFF na GIF, kisha yanagusa namna ya kuzisoma. Kigezo ninachokitanguliza ni kimoja: je, namba ambayo mbunifu ameiweka katika kila pikseli itafika kwenye mashine ya kufuma ikiwa ile ile? Ukubwa wa faili, kasi na urahisi wa kupata maktaba za programu vina uzito wake, lakini vyote vinakuja baada ya hilo.

Namba kwanza, rangi baadaye

Katika picha ya rangi za faharasa, pikseli haibebi rangi yenyewe. Hubeba namba, kwa kawaida kati ya 0 na 255, na namba hiyo huelekeza kwenye mstari wa jedwali la rangi lililomo ndani ya faili hilo hilo. Kwa mchapaji wa mabango, utaratibu huu ni njia ya kupunguza ukubwa wa faili tu. Kwa mfumaji, namba ni agizo: inasema ni uzi upi utumike na ufumwe kwa mtindo gani, wa kawaida (uzi mmoja juu, mmoja chini), wa twili (wenye mistari ya mshazari) au wa satini (wenye nyuzi ndefu zinazoelea juu).

Tuchukue blanketi la shule lenye nembo katikati. Mbunifu ametumia namba tano: 0 ni ardhi nyeupe inayofumwa kwa satini ya nyuzi nane, 1 ni buluu ya nembo, 2 ni nyekundu ya maandishi, 3 ni nyeupe ile ile ya ardhi, lakini inayofumwa kwa ufumaji wa kawaida ili ukingo ushikamane, na 4 ni manjano. Kwa programu inayofikiri kwa rangi, 0 na 3 ni kitu kimoja, kwa sababu zote mbili zina thamani ya 255, 255, 255. Ikiwa programu itaigeuza picha hiyo kuwa ya RGB (kiasi cha nyekundu, kijani na buluu kwa kila pikseli), kisha ijaribu kurudi kwenye namba kwa kuitafuta kila rangi katika jedwali, itakutana na 0 kwanza, na ukingo wote utageuka kuwa satini. Hakuna onyo litakalotolewa, maana picha iliyo kwenye skrini haijabadilika hata kidogo. Kosa litajulikana pale blanketi litakaposhushwa kutoka mashineni likiwa na ukingo uliolegea.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mafaili, linganisha kwanza namna mbili za kuiweka picha katika kumbukumbu ya kompyuta. Namna ya RGB ina faida ya kwamba karibu kila maktaba ya picha inaielewa na kila skrini inaionyesha bila kazi ya ziada. Namna ya namba inahitaji msimbo zaidi wa kuonyesha picha, lakini inaitunza nia ya mbunifu, tena kwa nafasi ndogo: mchoro wenye upana wa nyuzi 1,344 za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa) na urefu wa nyuzi 2,400 za mshindio (zinazopita kwa upana) unahitaji baiti 3,225,600 ukihifadhiwa kwa baiti moja kwa kila pikseli, na baiti 9,676,800 ukihifadhiwa kwa RGB. Sioni sababu ya kusitasita hapa. Programu ya kufuma itunze jedwali la namba, na RGB iundwe tu wakati wa kuonyesha au kuchapisha, bila kusomwa tena kurudi nyuma.

Pamoja na jedwali hilo la namba, ninapendekeza ziwepo orodha mbili za rangi badala ya moja. Ya kwanza ni rangi za kazi, ambazo zote zinatofautiana hata kama nyuzi zenyewe zinafanana, ili mbunifu azione 0 na 3 zikiwa mbali mbali kwenye skrini. Ya pili ni rangi za nyuzi halisi, kwa ajili ya kumwonyesha mteja kitambaa kitakavyokuwa. Mteja akitaka kuona blanketi hilo hilo kwa kijani badala ya buluu, hubadilishwa mstari mmoja wa orodha ya pili, na hakuna pikseli inayoguswa. Faili la picha libebe rangi za kazi, kwa sababu faili ndilo linalopita mikononi mwa programu nyingine, na rangi zinazotofautiana huwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi zikiwa na maana yake.

BMP: faili la mashineni

BMP isiyobanwa ni faili rahisi kuliko yote manne, na urahisi huo ndio thamani yake. Lina kichwa cha baiti 14 kinachoanza na herufi BM, kisha kichwa cha pili ambacho kwa kawaida huwa na baiti 40, kisha jedwali la rangi lenye baiti nne kwa kila rangi kwa mpangilio wa buluu, kijani, nyekundu na baiti moja isiyotumika, kisha pikseli zenyewe. Kwa picha ya biti 8 yenye jedwali kamili la rangi 256, pikseli huanza kwenye baiti ya 1,078. Hata hivyo, msomaji mwangalifu wa faili hategemei hesabu hiyo, kwa kuwa kichwa cha kwanza chenyewe kinataja mahali ambapo pikseli zinaanzia, na idadi ya rangi katika jedwali inaweza kuwa pungufu ya 256. Idadi hiyo ikiandikwa 0, maana yake ni kwamba jedwali limejaa kwa kadiri ya biti zinazotumika, na si kwamba halina rangi.

Mambo mawili huwatatiza wanaoandika msomaji wa BMP kwa mara ya kwanza. La kwanza ni kwamba kila mstari hujazwa hadi idadi ya baiti zake igawanyike kwa nne. Mchoro wenye upana wa pikseli 330 hutumia baiti 332 kwa kila mstari ukiwa wa biti 8, baiti 168 ukiwa wa biti 4, na baiti 44 ukiwa wa biti 1. Anayesahau baiti hizo za kujazia hupata picha ambayo kila mstari umesogea kidogo kuliko wa chini yake, kiasi kwamba mchoro wote unainama kwa mshazari. Katika programu nyingine picha kama hiyo ingetambuliwa papo hapo kuwa imeharibika, lakini kwetu mistari ya mshazari ndiyo sura ya twili, na mtu anaweza kuitazama picha iliyopinda akadhani kuwa ndivyo mbunifu alivyokusudia.

La pili ni mwelekeo. BMP ya kawaida huandikwa kuanzia mstari wa chini kwenda juu, isipokuwa pale urefu wa picha unapoandikwa kwa namba hasi, na hapo huanza juu. Kwa bahati njema, kitambaa nacho hukua kuanzia mshindio wa kwanza, ambao wabunifu wengi huuchora chini ya mchoro, kwa hiyo mpangilio wa BMP unalingana na mpangilio wa kazi. Hata hivyo msimbo usitegemee ulinganifu huo kimyakimya: usome alama ya urefu na uamue waziwazi.

Faida kubwa ya BMP, na ndiyo inayonifanya niitetee licha ya uzee wake, ni kwamba mahali pa mstari wowote panajulikana kwa kuzidisha na kujumlisha tu. Kidhibiti kidogo kinachoendesha fremu au ndoano za mashine kinaweza kufungua faili lililo kwenye kadi ya kumbukumbu, kikaruka moja kwa moja hadi mstari wa 1,817, kikausoma huo peke yake, kisha kikasubiri mshindio upite. Kwa picha ya biti 1 yenye upana wa nyuzi 1,344, mstari mmoja ni baiti 168. Kiasi hicho kinatosha hata kwenye kidhibiti kidogo cha Arduino Uno R3, ambacho kina baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo karakana zetu hupanga shughuli zake zikilitarajia, kidhibiti kilichohifadhi namba ya mstari wa mwisho huendelea kutoka hapo hapo umeme unaporudi.

Udhaifu wa BMP ni wa kweli vilevile. Haina alama yoyote ya kuthibitisha kwamba yaliyomo ni mazima, hivyo flashi ikichomolewa kabla ya wakati, faili laweza kuwa na nusu ya mchoro na bado kichwa chake kikaonekana sawa. Msomaji wa faili anapaswa angalau kulinganisha ukubwa halisi wa faili na ukubwa unaotokana na hesabu ya mistari, na kukataa faili pungufu. Kuna pia BMP zilizobanwa kwa mbinu ya RLE, ambayo inaruhusu kurukwa kwa pikseli bila kusema zina namba gani. Mimi ningezikataa kabisa kwa ujumbe ulio wazi, kwa kuwa pikseli isiyo na namba haina nafasi katika kitambaa. Na kuna vichwa vya ukubwa tofauti: cha kale cha baiti 12, ambacho jedwali lake lina baiti tatu kwa rangi, na vipya vya baiti 108 na 124. Kuvitambua si kazi kubwa, ila isiachwe.

PNG: faili la ghalani na la kutumiana

PNG ilitolewa mwaka 1996, na moja ya aina zake za picha, iliyopewa namba 3, ni ya rangi za faharasa. Jedwali lake linaweza kuwa na rangi 1 hadi 256 kwa idadi kamili unayoitaka, na pikseli zinaweza kuwa za biti 1, 2, 4 au 8. Hubanwa bila kupoteza chochote, na kwa kuwa michoro ya kufuma ina maeneo mapana ya namba moja na vipande vinavyojirudia, hubanwa vizuri sana. Kwa timu inayotuma mafaili kwa bando la simu kutoka Jinja kwenda Kampala, hilo ni jambo la fedha.

Lakini sababu yangu kuu ya kuipendelea PNG kwa kuhifadhi si ukubwa. Faili la PNG limegawanywa katika sehemu, na kila sehemu hufungwa kwa CRC ya biti 32, yaani hesabu ya kuhakiki yaliyomo, kwa hiyo faili lililoharibika njiani hugundulika linapofunguliwa, kabla mashine haijaanza. Aidha, muundo wake unaruhusu programu kuongeza sehemu zake yenyewe. Majina ya sehemu hizo yana herufi nne, na ukubwa wa kila herufi una maana. Herufi ya kwanza ikiwa ndogo, sehemu hiyo si ya lazima. Ya pili ikiwa ndogo, ni sehemu binafsi. Ya tatu lazima iwe kubwa. Na ya nne ikiwa kubwa, programu isiyoifahamu sehemu hiyo hairuhusiwi kuinakili iwapo imebadilisha pikseli au jedwali la rangi. Kwa hiyo sehemu yenye jina kama uzIA ingeweza kubeba orodha ya nyuzi na mitindo ya kufuma kwa kila namba, na iwapo mtu atalifungua faili katika programu ya kawaida ya kuchorea na kuupanga upya mpangilio wa rangi, orodha hiyo itaondolewa badala ya kubaki ikidanganya. Programu yetu ikikuta faili halina uzIA, itajua kwamba limepita mikononi mwa programu nyingine na itamtaka mbunifu athibitishe namba upya. Ni ulinzi mzuri ambao watu wachache huutumia.

Gharama ya PNG ni kwamba haiwezi kusomwa kwa kuruka. Ili kuufikia mstari wa 1,817 ni lazima ifumbuliwe kuanzia mwanzo, na ufumbuaji wenyewe unaweza kuhitaji nafasi ya kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambayo vidhibiti vidogo havina. Hivyo PNG ikae kwenye kompyuta ya ofisi, na programu itoe BMP kutoka humo inapopeleka kazi mashineni. Mgawanyo huu wa kazi ndio pendekezo langu kwa karakana nyingi.

TIFF na GIF

TIFF inafaa pale tu kiwanda unachofanya kazi nacho kinapoidai, kwa mfano baadhi ya viwanda vyenye mashine za Jacquard, zinazoweza kunyanyua kila uzi wa mtande peke yake. Picha ya faharasa ndani ya TIFF ina jedwali la rangi lililopangwa tofauti: huandikwa nyekundu zote kwanza, kisha kijani zote, kisha buluu zote, na kila thamani ina biti 16. Ukipeleka thamani za biti 8 bila kuzizidisha kwa 257, picha itaonekana karibu nyeusi, ingawa namba za pikseli zitakuwa sahihi. Pia lazima usome baiti mbili za mwanzo, II au MM, ili ujue mpangilio wa baiti uliotumika. TIFF ina chaguo nyingi mno, na kuandika msomaji wake mwenyewe si matumizi mazuri ya muda. Tumia maktaba iliyokomaa, ukubali aina mbili au tatu za ubanaji, na ukatae zilizobaki.

GIF ni ya mwaka 1987, na kwa asili yake ni picha ya rangi za faharasa tu, jambo linaloweza kumshawishi mtu aichague. Hataza ya mbinu yake ya kubana, iliyowahi kuleta ugomvi mkubwa na hata kuchochea kuzaliwa kwa PNG, ilikwisha Marekani mwaka 2003 na katika nchi nyingine mwaka uliofuata, kwa hiyo kikwazo hakipo upande wa sheria. Kipo katika jedwali lake, ambalo idadi ya rangi zake lazima iwe 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Blanketi letu la namba tano litakuwa na jedwali la rangi nane, na rangi tatu za ziada hazitakuwa na maana yoyote. Programu nyingi pia huona ni wajibu wao kuondoa rangi zisizotumika na kuzipanga upya namba zinapohifadhi GIF. GIF haina CRC. Sioni hali ambayo ningeichagua mbele ya PNG.

Msongamano wa nyuzi

Kuna tofauti moja ambayo mara nyingi hupuuzwa. Pikseli ya skrini ni mraba, lakini pikseli ya kitambaa mara nyingi siyo. Kitambaa chenye nyuzi 30 za mtande na nyuzi 24 za mshindio kwa sentimita hugeuza duara la pikseli 240 kwa 240 kuwa umbo la yai lenye upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 10, na nembo ya shule iliyochorwa kuwa duara haitarudi ilivyokuwa. BMP na PNG zote zina mahali pa kuandika idadi ya pikseli kwa mita, upana na urefu kila kimoja peke yake, kwa hiyo kitambaa hicho huandikwa 3,000 na 2,400. TIFF huandika kwa sentimita au kwa inchi. GIF hubeba makadirio ya uwiano tu, bila kipimo. Programu nzuri huandika msongamano huo ndani ya faili na kuutumia inapoonyesha picha, ili mbunifu achore duara analoliona kuwa duara.

Picha ya mwisho ya biti moja

Baada ya kila namba kubadilishwa kwa mtindo wake wa kufuma, picha huwa ya biti 1: uzi wa mtande umenyanyuliwa au haukunyanyuliwa. Ni lugha ile ile ya kadi zilizotobolewa ambazo Joseph Marie Jacquard alizitumia huko Lyon mwaka 1804, tundu au pasipo tundu. Hapa ndipo utata mbaya zaidi wa faharasa unapojitokeza, nao unatokana na swali linaloonekana dogo: je, nyeusi maana yake ni kunyanyua, au 1 maana yake ni kunyanyua?

Faili la BMP la biti 1 lina jedwali la rangi mbili, na hakuna sheria inayosema kwamba namba 0 lazima iwe nyeusi. Programu moja ya kuchorea huandika nyeusi katika nafasi ya 0 na nyeupe katika nafasi ya 1. Nyingine hufanya kinyume. Mafaili hayo mawili yanafanana kabisa kwenye skrini, ilhali biti zake zote zimegeuzwa. Kidhibiti kinachosoma biti bila kuangalia jedwali kitafuma moja sawasawa na nyingine kinyume, yaani upande wa nyuma wa kitambaa utakuwa juu. Katika ufumaji wa kawaida kosa hilo linaweza lisionekane. Katika satini ya nyuzi nane, ambapo mshindio mmoja ulipaswa kunyanyua uzi mmoja kati ya kila nane, mashine sasa itanyanyua saba, na mzigo huo hukata nyuzi na kuchosha ndoano.

Chaguo ziko mbili. Ya kwanza ni kuangalia jedwali la rangi na kusema kwamba rangi yenye mwanga mdogo ndiyo ya kunyanyua, bila kujali namba yake. Ya pili ni kusema kwamba 1 ndiyo ya kunyanyua, bila kujali rangi. Njia ya kwanza inamfaa binadamu anayetazama skrini, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa programu inayopokea mafaili ya watu wengine. Njia ya pili ni salama kwa faili ambalo programu yetu imelitengeneza kwa ajili ya kidhibiti chetu. Zisichanganywe katika faili moja, na faili linaloelekea mashineni liandikwe siku zote kwa jedwali lile lile, ili njia zote mbili zitoe jibu moja.

PNG ya biti 1 inaweza kuwa ya aina ya kijivu, isiyo na jedwali, ambapo 0 ni nyeusi daima. Hilo huondoa swali, ingawa kwa mfumaji aliyezoea nyeusi kuwa ndiyo ya kunyanyua, biti zitakuwa zimegeuka. Iandikwe katika maelezo ya programu, kwa sentensi moja iliyo wazi.

Maktaba za kusomea

Ukilinganisha kuandika msomaji wako na kutumia maktaba, jibu linategemea faili. Kwa BMP isiyobanwa, msomaji wako mwenyewe ni msimbo mfupi unaoweza kusomwa wote na mtu mmoja kwa kikao kimoja, na ningeuandika bila kusita. Kwa PNG na TIFF tumia maktaba, lakini uijue tabia yake, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila mtu anataka rangi.

OpenCV huigeuza picha ya faharasa kuwa ya rangi kamili inapoifungua, na namba hupotea mlangoni. Turubai (canvas) ya kivinjari cha intaneti nayo hutoa RGB na kiwango cha uwazi tu, kwa hiyo programu ya kufuma inayoendeshwa ndani ya kivinjari italazimika kulifumbua faili yenyewe. Pillow ya Python huihifadhi picha ikiwa katika hali inayoiita P, na ukiikuza au kuipunguza ikiwa katika hali hiyo haichanganyi namba za jirani, jambo zuri. Ila ukigeuza picha ya RGB kuwa P bila kutoa maelekezo, hutumia jedwali lake la jumla na kutawanya doti ili kuiga rangi zilizokosekana, na doti hizo kwenye kitambaa ni nyuzi zinazoruka ovyo. Pia BMP ambayo jedwali lake ni ngazi ya kijivu inaweza kufunguliwa si kama P bali kama picha ya kijivu, na msimbo unaosubiri P utashindwa.

Katika .NET, picha ya faharasa haikubali kuchorwa juu yake kwa njia ya kawaida, na jedwali la rangi unalolipata ni nakala, kwa hiyo ukilibadilisha ni lazima ulirudishe kwenye picha ndipo badiliko lionekane. Java, kwa kupitia rasta ya picha, na Qt, kwa aina yake ya picha za faharasa za biti 8, hutoa namba moja kwa moja, na kwa programu ya mezani ningezitanguliza hizo. Anayetumia libpng moja kwa moja anatosheka kwa kutoomba ipanue jedwali kuwa RGB.

Kwa karakana zenye vitanda vya mkono vya fremu 4 hadi 24, kuna njia ya tatu iliyo nje ya picha kabisa, nayo ni WIF, faili la maandishi linaloeleza upitishaji wa nyuzi katika fremu, ufungaji wa kanyagio na mpangilio wa kukanyaga. Kwa kazi ya aina hiyo linafaa kuliko bitimapu yoyote, na picha ibaki kuwa ya kumwonyesha mteja.

Michoro inayofika kwa simu

Hakuna aina ya faili inayoweza kuokoa mchoro ulioharibika kabla haujafika. Wateja wengi hutuma kwa WhatsApp, na picha inayotumwa kama picha hugeuzwa kuwa JPEG, aina isiyokuwa na jedwali la rangi na inayobana kwa kupoteza. Mchoro uliotoka ukiwa na rangi tano hufika ukiwa na rangi nyingi zilizotapakaa kando ya kila mstari. Mtumaji aelekezwe kuutuma kama hati, na faili litafika lilivyo. Ikiwa JPEG ndiyo pekee iliyopo, usiigeuze kuwa faharasa kwa kubofya mara moja. Weka kwanza jedwali la nyuzi ulizonazo, zima utawanyaji wa doti, kisha mbunifu asafishe kingo kwa mkono.

Kabla ya kukubali mfumo wowote, tengeneza mchoro mdogo wa majaribio: herufi F, ambayo haifanani na yenyewe ikigeuzwa upande wowote; upana usiogawanyika kwa nne, kama pikseli 37; namba mbili zenye rangi moja; na namba moja iliyomo katika jedwali lakini isiyotumika popote. Upitishe katika programu ya kuchorea, katika programu yako, katika faili la mashineni na kurudi, kisha linganisha jedwali la namba la mwanzo na la mwisho, pikseli kwa pikseli, bila kutazama rangi. Jaribio hilo lirudiwe kila mara toleo la programu yoyote katika mnyororo huo linapobadilishwa.